Kadre ya Mtu Mmoja

Alikuwa ameilalia ile kadre, fremu tupu ya baiskeli, kwa kifua, mbele ya watu, kama mtu aliyembana mwizi chini akingoja majirani wafike. Kila alipoikandamiza, resori, springi nene iliyokaa katikati ya vyuma, ilijikunja taratibu. Alipojiinua, nayo ikajinyosha bila kupiga kelele. Akarudia. Wateja wengine dukani kwa Majid waliokuja kutafuta tairi na minyororo wakaacha shughuli zao wakamtazama.

"Muzee," Majid akasema, "hiyo ni baiskeli, haiko godoro."

"Godoro ndilo natafuta," Népomuscène akajibu, wala hakugeuza kichwa.

Hakuwa akifanya mzaha. Miaka yake yote ya utu uzima ameila barabara kwa miguu ya baiskeli: kwanza alishusha ndizi kutoka milimani, keria imesheheni mikungu hadi yeye mwenyewe haonekani kwa nyuma, kisha magoti yalipoanza kulalamika akawa wa taksi-velo, mto wa sponji kwenye keria, abiria mgongoni, mitaa ya Bujumbura, Cibitoke mpaka Jabe na kurudi. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma kitupu, iliyoongezewa nondo kila upande, ngumu kama moyo wa mtoza ushuru. Ndiyo hiyo iliyombeba mkewe Consolate mara ya mwisho.

Ilikuwa masika yaliyopita. Consolate aliamka na pumzi fupi, midomo imebadilika rangi. Ambulansi ilikuwepo, ilikuwa na dereva, na king'ora, hata na pazia dirishani. Mazutu, mafuta ya kuitembeza, ndiyo haikuwa nayo. Magari ya majirani yalikuwa yamelala kwenye foleni ya kituo cha mafuta, wenyewe wamelala ndani. Basi akamweka mkewe kwenye keria, akamfunga kiunoni mwake kwa kitenge, akaingia barabarani. Na barabara ile, wakubwa walikuwa wameichimba wapitishe mabomba, wakapiga picha na makoleo mikononi, wakaondoka. Mabomba hayajaja mpaka leo. Kila shimo Consolate aliguna, akamwomba aende polepole. Kisha akaacha kuguna. Népomuscène akashukuru, akadhani amepata nafuu.

Hospitalini walimweleza habari za moyo uliokuwa umechoka tangu zamani. Yeye hakuyasikia maneno yale na hakutaka kuyasikia. Kwake mkewe aliuawa na mashimo, na mashimo yana wenyewe, na wenyewe wana majina, na majina hayo aliyataja popote alipokaa, kuanzia mkuu wa nyumba kumi kwenda juu. Marafiki zake wakaanza kumkwepa kwenye kibanda cha maharagwe. Si kwamba alisema uongo. Ila kula na mtu anayetaja majina hayo kwa sauti, kila tonge linakwama.

Sasa ilikuwa zamu ya binti yake. Chanelle alikuwa na mimba ya kwanza, mumewe ameenda Zambia kutafuta maisha, na daktari alikuwa amemwambia kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa mtoto. Damu ilishamtoka mara moja. Aliagizwa asibebe kitu, asirushwerushwe, na uchungu ukianza afikishwe hospitalini bila kuchelewa, akapasuliwe. Walipouliza kama angeweza kulazwa kabisa, akangojea hukohuko, wakaambiwa vitanda vimejaa. Arudi nyumbani. Asirushwerushwe.

"Kwa njia gani?" Népomuscène alimwuliza daktari. "Atapaa?"

Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alimtazama, akamwita mgonjwa anayefuata.

Ndipo likamjia wazo la resori. Aliwahi kuwaona Wazungu wawili wakishuka milima ya huko juu kwenye baiskeli zenye resori mbele na nyuma, wanapita juu ya mawe kama wanapita juu ya mkeka. Alijua baiskeli kuukuu za Ulaya hufika ndani ya makontena, zimefumana kama miiba, na kwamba Majid wa mtaa wa Asiatique ndiye huzichambua. Majid, ukoo wake ulitoka Omani, lakini yeye alizaliwa nyuma ya duka lilelile na hajui kwao kwingine.

Kadre zenye resori zilikuwa tatu, zimening'inia darini. Majid alizishusha zote.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nyepesi, ya alumini, inang'aa mpaka mtu anaona haya kuishika. Mahali pa resori palikuwa na mrija mnene uliojazwa upepo. Népomuscène akauliza upepo ukiisha inakuwaje. Majid akasema mrija ule una pampu yake peke yake, na pampu hiyo hana, na Bujumbura nzima hajaiona. Ikawekwa kando.

Ya pili, ya kijivu, ilikuwa na resori ambayo hata ukiipandia kwa miguu miwili haijikunji. "Hiyo ni ya mapambo," Majid mwenyewe akakiri. "Walifanyia watoto wafurahi."

Ya tatu ndiyo hii nyeusi aliyoilalia. Chuma. Nzito. Resori yake nene kama kifundo cha mkono, ina pete ya kuikaza na kuilegeza. Majid aliikamata mkia, kile kipande cha nyuma kinachoshika gurudumu, akautikisa kushoto na kulia, amwonyeshe kwamba pale vyuma viwili vinapokutana na kuzungukia bolti hapajalegea. Akaigeuza, akapapasa maungio yote kwa kidole kutafuta ufa. Kisha akauliza jambo ambalo alipaswa kuliuliza mwanzo.

"Unataka kuifanyia kazi gani, muzee?"

"Kubeba mutu."

"Nyuma?"

"We ulishaona mutu anabebwa wapi?"

Majid akashusha pumzi. "Apana. Hii achana nayo. Hii ni kadre ya mutu moja. Anapanda, anashuka mulima, anacheza, anarudi kwake. Haiko ya kubeba mutu nyuma."

Yale maneno yaliingia vibaya. Népomuscène alisikia ndani yake kila mlango aliowahi kufungiwa. Sukari ikifika mjini, ni ya mtu mmoja. Mafuta yakifika, ni ya mtu mmoja. Dawa zikifika, barabara ikitengenezwa, ni kipande kile tu kinachofika kwenye lango la mtu mmoja. Sasa hata resori, kitu cha chuma kilichotupwa na wenyewe huko Ulaya, nayo ni ya mtu mmoja, na mtu huyo kamwe hatoki Cibitoke.

"Na mi ni mutu moja," akasema. "Niuzie."

Majid alitaka kueleza zaidi. Alianza, akaonyesha kwa kidole mkia wa kadre, lakini mwenzake alikuwa amekwisha kuikumbatia. Mfanyabiashara hagombani na mnunuzi anayekumbatia. Wakapatana bei juu ya chai.

Aliibeba begani, kwa kuwa baiskeli haziruhusiwi katikati ya mji. Polisi mmoja alimsimamisha, akaizunguka ile kadre isiyo na magurudumu wala usukani, akakuna shingo. Népomuscène akamwambia amkamate kama ameona inakwenda. Polisi akacheka, akamwachia. Yeye hakucheka.

Kwa siku kadhaa akaivisha nyama ile mifupa: magurudumu ya baiskeli ya zamani, usukani wake, breki za kuazima. Ikabaki keria. Alikwenda kwa Jimmy, sudere wa Cibitoke, ambaye hachomelei vyuma mpaka umeme urudi na hivyo ana muda wa kutosha wa kufikiri. Jimmy akaitazama. Akasema keria ikifungwa kwenye kipande cha mbele, chini ya kiti, gurudumu likipanda litaigonga. Basi ifungwe kwenye mkia, karibu na ekseli, pale mizigo yote ya Burundi inapofungwa tangu baiskeli ziingie nchini. Népomuscène akakubali kabla hajamaliza. Mahali pengine ni wapi? Umeme uliporudi, keria ikachomelewa, pana, imara, na mto mpya wa sponji juu yake.

Akaipanda peke yake. Kuanzia kwa Jimmy mpaka kwake kuna mfereji uliokatiza njia, mawe yaliyobaki baada ya mvua, na kile kipande ambacho kokoto zake zimewang'oa watu meno. Alipita. Kiti kilishuka kidogo, kikapanda kidogo. Hakusikia kitu. Akarudi akapita tena. Majirani waliapa baadaye kwamba alitabasamu, ingawa aliyeapa zaidi ni mtu mmoja anayependa kutia chumvi.

Uani kwake alikuwepo Pascaline, mdogo wake Consolate, aliyekuwa akija kumsaidia Chanelle kupika na kufua. Ulimi wake ulikuwa mrefu, na shemeji yake hakuwa na kinga dhidi yake. Népomuscène akamwambia apande, ili Chanelle aone kwa macho yake kabla ya siku yenyewe. Pascaline akauliza kama amekuwa gunia la majaribio. Kisha akapanda, miguu upande mmoja kama wanawake wanavyopanda, mkono umeshika kiuno cha shemeji yake, na Chanelle akakaa mlangoni, amejishika tumbo, anatazama.

Waliuvuka mfereji. Népomuscène aliona kiti kinashuka na kupanda kama mtu anayevuta pumzi. Akaongeza mwendo kwenye mawe ili mambo yaonekane vizuri. Nyuma yake alisikia sauti, akadhani ni ya furaha.

"Unaona?" akauliza alipogeuka uani na kufunga breki. "Unaona sasa?"

Pascaline alishuka akiwa ameshika nyonga kwa mikono miwili. Kilemba kilikuwa kimeangukia shingoni.

"Shemeji," akasema, "unataka kuua mutoto wa dada yangu?"

"Acha maneno. Mi sikusikia hata kitu."

"We! We uko kwa kitanda. Mi niko kwa mawe."

Népomuscène akabisha. Akasema shemeji yake amezoea kulalamika, akasema ni uzito, ni mto, ni tairi. Pascaline akamwita mtoto wa jirani akamkalisha kwenye kiti cha mbele, akamwambia Népomuscène ashike keria aiinue na kuiachia. Aliinua, akaachia. Gurudumu liligonga chini, keria ikagonga nalo, ngumu, chuma kwa chuma. Mtoto pale mbele alibembea kidogo tu, akacheka, akataka tena.

Ndipo alipoona kile ambacho kidole cha Majid kilikuwa kinataka kumwonyesha. Resori ilikaa katikati ya vipande viwili. Kipande cha mbele kilibeba kiti chake yeye. Kipande cha nyuma kilikuwa cha gurudumu, na keria ilikuwa imefungwa huko, upande wa gurudumu, upande wa mashimo. Aliyekaa mbele alilindwa. Aliyekaa nyuma alipata kila kitu, tena zaidi, kwa kuwa wa mbele, asiyesikia, alikuwa ameongeza mwendo.

Alikwenda kuchukua nyundo.

Chanelle ndiye aliyemzuia. Alikuwa msichana wa maneno machache, kama mama yake, na hakuinuka hata mlangoni alipokuwa.

"Papa. Pale mbele, we ulisikia aje?"

"Nimesema sikusikia kitu."

"Basi pale mbele nitakaa mi."

"Na nani ataendesha?"

"Hakuna wa kuendesha. We utasukuma. Una miguu."

Baba yake alisimama na nyundo yake. Ilimwuma kwamba jambo lile halikumjia. Maisha yake yote mwenye kunyonga pedali ndiye aliyekaa mbele, na anayebebwa alikaa nyuma. Kumbe mtu anaweza kuwa na hasira na wakubwa mpaka jioni, na mpango wa nani akae wapi asiuguse.

Wakaing'oa keria, Jimmy aliikata huku akiguna kwamba kazi yake nzuri inaharibiwa. Wakatafuta kiti kipana. Pete ya resori wakailegeza, maana Chanelle ni mwepesi kuliko baba yake hata akiwa na mtoto tumboni, na resori iliyokazwa kwa ajili ya mzito humrusha mwepesi. Pedali wakazitoa.

Uchungu ulianza asubuhi, saa ambayo watu wanapanga foleni ya maji. Damu kidogo ilitangulia. Pascaline alimkalisha Chanelle kwenye kiti, akamzungushia mkono mgongoni, Népomuscène akashika usukani na bomba la kiti, wakatoka. Hawakukimbia. Walikwenda mwendo wa mtu anayebeba maziwa yaliyojaa. Kwenye mfereji, gurudumu lilishuka, resori ikajikunja, na Chanelle akabaki alipokuwa, macho yamefumbwa, mkono wake umeng'ang'ania shingo ya baba yake. Kila shimo Népomuscène alimwuliza kama amesikia. Alimwuliza kwa sauti ambayo Pascaline hakuwahi kuisikia kwake.

"Apana, papa," Chanelle akajibu. "Enda tu. Na usiache kuniuliza."

Karibu na Jabe wakasimamishwa. Polisi alikuwa amesimama katikati ya barabara amenyosha mkono. Bajaji, mikokoteni, wanawake wenye beseni za samaki, wote kando. Msafara wa wakubwa ulikuwa unapita. Pascaline akamsihi polisi, akamwonyesha binti, akamwonyesha kitenge kilichoanza kulowa damu. Polisi alitazama akakunja uso kwa huruma ya kweli, lakini mkono haukushuka. Alisema mkono ule si wake.

Wakangoja. Chanelle alilalia bega la baba yake. Magari yakapita, marefu, vioo vyeusi, moja baada ya jingine, na Népomuscène akasikia maneno yote aliyoyakusanya tangu masika yanapanda kooni. Pascaline akamfinya mkono mpaka ukucha ukaingia. Wala haikuwa lazima. Hakuweza kufungua mdomo, maana mikono yake miwili ilikuwa inashikilia baiskeli isitikisike, na alijua akipiga kelele itatikisika.

Alichofanya ni kutazama. Pale mbele yao barabara ilikuwa na shimo pana, lenye maji. Kila gari la msafara lililiingia kwa kasi na kutoka. Magurudumu yalizama, maji yakaruka yakawalowesha wenye beseni za samaki, na juu ya magurudumu yale madirisha meusi hayakuinama hata kidogo.

Mkono wa polisi uliposhuka, wakaendelea.

Alizaliwa msichana. Walimpasua Chanelle mara tu alipofika, na muuguzi aliyetoka kuwapa habari alisema mama amepoteza damu lakini yupo, mtoto yupo, na wangechelewa zaidi wasingekuwepo. Aliitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani, isiyo na pedali, akauliza ndiyo nini. Népomuscène akajibu kuwa ndiyo ambulansi. Pascaline alilia, akacheka, akamkumbatia shemeji yake mbele ya wagonjwa. Yeye alisimama kama nguzo. Alikuwa akimfikiria yule aliyekaa nyuma kwenye keria ya chuma, aliyeguna na kisha akaacha kuguna. Hakukuwa na furaha ambayo haikumpitia Consolate kwanza, na ikitoka kwake ilitoka chungu.

Katika haraka zile nguo za mtoto zilikuwa zimesahaulika Cibitoke. Pascaline akamtuma. Mlinzi wa hospitali alikuwa na baiskeli iliyokufa. Akamwazima pedali zake, akamsaidia kuzifunga. Népomuscène akapanda, akaenda mbio, akachukua kifurushi, akarudi mbio.

Pascaline alikuwa akimngoja mlangoni pa wodi. Akapokea kifurushi, akakifungua, akahesabu kofia na soksi. Akasema wametangaziwa kwamba vitanda ni vichache na wanaojifungua hawakai sana. Akipata nguvu kidogo tu, Chanelle atarudishwa nyumbani, na kidonda chake kibichi, kwa njia ileile. Akataka kujua, basi, kutoka kwake aliyeipita sasa hivi kwenda na kurudi.

"Njia iko aje, shemeji?"

Népomuscène akafungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, limepanda lenyewe kutoka mgongoni na makalioni, na lilikuwa kwamba njia ni nzuri. Haina neno. Alikuwa ameipita yote, mfereji, mawe na kile kipande cha kokoto, na mwili wake haukuwa na lawama hata moja dhidi yake. Akalionja lile neno ulimini. Tangu masika alikuwa ameamini kwamba wale wa juu wanajua, wanajua kila shimo na jina la kila aliyefia ndani yake, na wanacheka. Chuki yake yote ilikuwa imesimama juu ya kicheko hicho. Sasa alifikiri kwamba huenda hakuna anayecheka. Huenda wakishuka kwenye magari yao na kuulizwa, wanajibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba njia ni nzuri. Na hilo likamchoma kuliko kicheko, kwa sababu mtu anayecheka angalau amekuona.

Pascaline alikuwa bado anangoja, soksi ndogo mkononi.

"Mi sijui," akasema. "Nilikuwa juu ya resori."